Wema hausikii sala

Ndugu yangu Deo,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Sisi hapa wazima, mvua tu ndiyo imezidi.

Swali lako limeninyima usingizi. Mungu ni mwema, sawa, lakini atakuwaje wema wenyewe? Toma wa Akwino, yule mwanateolojia mkuu, anayasema yote mawili. Mimi nina wema (kidogo, najua utasema), na nikiupoteza nabaki kuwa mimi. Mungu hakuungwa kwa sehemu hivyo. Wema wake ndiye yeye, na nguvu zake ndiye yeye.

Mwaka 1980 mwanafalsafa Mmarekani Alvin Plantinga alilipinga fundisho hilo katika Chuo Kikuu cha Marquette, Marekani, tena kwenye hotuba ya kila mwaka inayoitwa kwa jina la Toma! Kama Mungu ni sifa yake, alisema, basi Mungu ni sifa, na sifa haijui wala haiumbi. Kwa Kiswahili hoja hiyo inasikika sikioni kabisa: "Mungu anasikia sala", sawa, lakini sema "wema unasikia sala", ngeli yenyewe inagoma.

Ila Toma alikwisha kuliona jambo hili katika karne ya 13. Lugha yetu, anasema, imezoea viumbe. Tunasema "mwema" kuonyesha kwamba Mungu yupo kwelikweli, na "wema" kuonyesha kwamba hana sehemu, na majina yote mawili yanapungukiwa. Naona Plantinga amelishika la pili akalisahau la kwanza.

Kigumu kwangu ni hiki: wema na nguvu vitakuwaje kitu kimoja? Mwanafalsafa Mwingereza Peter Geach ana mfano wa hesabu. Ongeza namba maradufu, kisha rudi kwenye namba ileile uizidishe kwa yenyewe. Ya 3 inakupa 6 na 9, njia zimeachana. Ya 2 inakupa 4 kotekote. Kwetu wema na nguvu huachana, kwa Mungu vinakutana.

Nikafurahi, halafu jana jikoni nikashtuka: 4 si 2! Toma hasemi vinakutana mahali fulani, anasema vinakutana kuwa Mungu mwenyewe. Nikajaribu 1. Izidishe kwa yenyewe, igawanye kwa yenyewe: unarudi kwenye 1 ileile. Kumbe Geach naye aliitaja hiyo 1 ikizidishwa kwa yenyewe.

Nitafutie kasoro upesi, kabla sijaanza kujivuna.

Wako,
Beda