Barua kwa mwanangu aliyepata leseni ya pikipiki

Mwanangu mpendwa,

Hongera kwa leseni. Habari za vifo vya barabarani umekwisha kuzisikia za kutosha, kwa hiyo nitakuandikia habari za wanaobaki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, na kujeruhi kati ya milioni 20 na 50. Wanaotufikia wodini ni hao wa pili.

Kitu kimoja wapita njia hukikosea sana: humkimbilia anayetoka damu nyingi na kupiga kelele. Ngozi ya kichwa ikichanika hutisha, ila ukiigandamiza kwa kitambaa safi, bila kufunuafunua kuchungulia, kwa kawaida damu hutulia. Mimi humwogopa yule aliyetoka kwa miguu yake, anayesema hana neno, anayetafuta simu yake. Huenda wengu umepasuka na damu inajaa tumboni, nje hakuna hata tone. Au damu inajikusanya kati ya fuvu na ubongo. Huyo anaweza kuongea vizuri kwa saa kadhaa, kisha akaanza kusinzia, kutapika, au mboni moja ikapanuka kuliko nyingine. Watu humwambia ajilaze apumzike. Wewe mpeleke hospitali hapo hapo.

Halafu kuna huruma ya mikono mingi. Majeruhi yuko chini, huyu kashika miguu, yule kwapa, anarushwa nyuma ya gari. Mfupa wa shingo unaweza kuvunjika bila kuumiza mishipa ya fahamu iliyopita ndani yake, na kule kuvutwa ndiko kukaikata. Mtu aliyekuwa anachezesha vidole anafika kwetu amepooza. Kama hakuna moto wala gari linalokuja kumkanyaga, mwache alivyo, shika kichwa chake kisigeuke, na mtu apige simu kuita msaada. Kofia usimvue, labda iwe hapumui au anakabwa na matapishi. Chuma kilichomchoma usikichomoe. Wakati mwingine ndicho kinachoziba mshipa.

Kuhusu mwendo sitasema mengi, hesabu uliisoma shuleni: ukiongeza kasi maradufu, nguvu unayoibeba kwenda kugonga nayo huwa mara nne. Mwili haukuongezwa kitu.

Kofia yako ifunge kamba chini ya kidevu. Wengi huiweka kichwani kumridhisha trafiki tu, na isiyofungwa hufika chini kabla ya mwenyewe. Pesa ya kuinunua nitakutumia mwisho wa mwezi. Chukua mpya. Iliyokwisha kuanguka katika ajali hata ikipakwa rangi ikang'aa, povu lake la ndani likishabonyea halikingi tena. Na ya abiria pia ununue, usimbebe mtu kichwa wazi.

Mama anakusalimu.

Baba yako