Barua ya wazi kwa Msajili Mkuu wa Mahakama: notisi moja, maana mbili

Mheshimiwa,

Mimi ni fundi wa magari hapa Mombasa. Nakuandikia kwa sababu ya karatasi moja iliyoninyima usingizi siku kumi na moja, na kumbe ilikuwa karatasi ya heri.

Mwaka 2017 nilichukua giaboksi tatu kwa mkopo. Moja ilikuwa mbovu, nikairudisha na nikapewa risiti. Muuzaji akakataa kuipunguza bei yake kwenye deni, na mwaka uliofuata akanishtaki. Nilitafuta wakili, tukajibu madai kabla ya muda kupita. Kesi ikatajwa mara mbili, halafu kimya. Wakili akahama mji, nami nikarudi chini ya magari yangu.

Mwaka 2022 akaja kijana na pikipiki hadi gereji. Akanipa karatasi yenye muhuri, nikatia sahihi kwa kidole chenye grisi, akaondoka. Kiingereza changu ni cha vipuri. Niliambulia jina langu, namba ya kesi, tarehe, na kwamba kuna mtu anatakiwa afike mbele ya hakimu aeleze kwa nini jambo fulani lisifanyike.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alivaa miwani akaisoma. "Fundi, hii ni notisi ya kujieleza. Shemeji yangu alipata kama hii, akalala ndani."

Hakukosea kuhusu shemeji yake. Chini ya Agizo la 22 la Kanuni za Kesi za Madai, aliyeshindwa kesi na hajalipa huitwa kwa notisi ya jina hilo hilo, aeleze kwa nini asipelekwe jela ya madeni. Huku mitaani hiyo ndiyo inayojulikana. Yangu ilikuwa ya Agizo la 17, kanuni ya 2: kesi ikikaa mwaka mzima bila upande wowote kuchukua hatua, mahakama inaweza kuziita pande zote na kuuliza kwa nini isitupiliwe mbali. Hapo mwenye mzigo wa kujieleza ni aliyeshtaki, maana kesi ni yake na ndiye aliyeilaza. Mimi nilikuwa napewa taarifa tu. Lakini karatasi ilibeba majina yetu wote wawili, na mwenye hofu husoma jina lake peke yake.

Sasa ona hofu ilivyonifanya. Nilimpa kijana mmoja nje ya lango la korti Sh 3,000 "akaangalie faili". Sijamwona tena. Nikaanza kuchangisha nimtumie muuzaji Sh 20,000 kwa M-Pesa, angalau apoe. Mke wangu ndiye aliyenizuia, kwa sababu hela ya karo ilikuwa humo humo. Baadaye nilielezwa kuwa deni la mkataba lina miaka 6 ya kudaiwa kortini, na kwamba ukilipa sehemu yake, hesabu ya miaka inaweza kuanza upya siku uliyolipa. Ningempa mdai wangu umri mpya kwa mkono wangu mwenyewe.

Aliyenifungua macho ni karani wa masijala, mama mmoja mpole, kwa Kiswahili, kwa muda usiozidi dakika tano. Aligeuza faili akanionyesha mahali kesi ilipolala mwaka 2019. Hakimu aliandika herufi tatu tu: S.O.G. Nilidhani ni jina la wakili. Kumbe maana yake kesi imeahirishwa bila kupangiwa tarehe.

Siku ya notisi nilikwenda. Muuzaji hakutokea. Amri ikatoka, nayo ni mistari miwili: kesi imetupiliwa mbali kwa kutoshughulikiwa, na hakuna amri kuhusu gharama. Huo mstari wa pili ukanitia homa tena. Nilielewa kwamba gharama bado hazijaamuliwa, kwa hiyo bili iko njiani. Kumbe ni kwamba kila mtu abebe zake. Na hakuna palipoandikwa kwamba mahakama haikusema nani mkweli kuhusu giaboksi, wala kwamba mdai bado ana nafasi ya kuomba kesi irudishwe.

Mheshimiwa, kanuni zilizorekebishwa mwaka 2020 zinasema kesi isiyoguswa miaka miwili huhesabiwa kuwa imetupiliwa mbali. Ni vizuri. Ila mdaiwa anayeamka kila asubuhi akidhani ana kesi, nani humwambia kwamba ilikwisha kufa?

Katiba, Ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya kesi za madai nayo inaruhusu mahakama za chini zitumie lugha yoyote kati ya hizo mbili. Kwa hiyo siombi sheria mpya. Naomba karatasi moja ya Kiswahili ibanwe nyuma ya kila notisi ya Agizo la 17 na kila amri inayofuata. Iseme nani anatakiwa kujieleza, nini kitatokea usipofika, kama umeshindwa au hujashindwa, gharama ni za nani, na kama kesi inaweza kufufuka. Na tafadhali, notisi ya jela na notisi ya kesi iliyolala zipewe majina tofauti. Hata sisi mafundi hatuweki mafuta ya breki na ya injini kwenye kopo lenye maandishi yale yale.

Mkiandika rasimu, nileteeni gereji niisome. Nikikwama mahali, mtajua pa kurekebisha.

Risiti ya giaboksi bado ninayo.

Wako mtiifu,
Fundi, Mombasa