Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wakulima wa Mahindi

Ndugu wanachama,

Kazi za kawaida mnazijua: mbolea iligawiwa, ghala lilipakwa chokaa, mkaguzi alikuja akaondoka. Sitawachosha.

Nitajibu yanayosemwa vijiweni, kwamba fedha za mfuko, shilingi 3,400,000, zimeliwa kwa kununua maturubai na vipima unyevu. Risiti anazo mtunza hazina, na kamati ilipiga kura. Wazo lilikuwa langu, wala silikani. Mwaka 2016 hapa kwetu Dodoma na kwa jirani zetu Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri. Mwaka 2004 Kenya, Kitui na Makueni zikiongoza, walikufa 125. Hao waliila nyingi kwa mpigo. Anayeila kidogo kidogo miaka nenda rudi, ini lake ndilo linaloweza kuingia saratani, na akiwa na virusi vya homa ya ini B hatari huongezeka maradufu na zaidi. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo. Qidong, nchini China, watu walipoacha mahindi wakahamia wali, saratani ya ini ilipungua. Sisi ugali hatuuachi, kwa hiyo tuyakaushe mahindi mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Na Machi 2021 Kenya walipoyazuia mahindi ya Tanzania kwa sababu hiyohiyo ya sumukuvu, nani hakulalamika?

Waliorudishiwa magunia ghalani kwa sababu ya unyevu na ukungu wamenuna. Nasikia magunia hayo yameishia kwa wapika komoni. Pombe peke yake inaliumiza ini. Mkiipika kwa mahindi yenye ukungu, msije kuniuliza.

Ada inasikitisha. Tuko 140 na ushee, waliolipa hawafiki 60, na wanaopiga kelele kuhusu maturubai wengi hawamo humo. Siku ya kupima homa ya ini B, mhudumu wa zahanati alikaa tangu asubuhi, wakaja kumi na watatu, wanne wakiwa kamati. Watoto wetu wanachanjwa tangu 2002. Tulio wakubwa wengi hatujachanjwa, na kupima hatutaki.

Mwakani, Mungu akijalia, tutatafuta mashine ya kukaushia, labda na mfadhili. Mazungumzo yapo.

Wanaodaiwa wamwone mtunza hazina kabla ya chakula.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti