Yah: Difu ya nyuma mliyonifungia imekufa, na kizibo chenu chekundu ninacho mimi

Kwa kitengo cha waranti, na nakala muwape huduma kwa wateja maana nimeshachoka kurushwa huku na huku kama mpira,

Habari zenu. Mimi ndiye mwenye ile pikapu ya foowili (inayovuta kwa tairi zote nne) mliyoifungia eksoli nzima ya nyuma, yani mhimili wa tairi pamoja na difu, lile boksi la gia la katikati yake, ile mnayosema imetengenezwa upya kiwandani kwenu, na ndiye huyo huyo mliyemjibu kwa mistari mitatu kwamba waranti haipo tena kwa sababu gari limetumika vibaya porini. Nimeisoma hiyo mistari mitatu mara nyingi tu na kila nikiisoma najiuliza aliyeandika aliifungua hiyo difu au aliona neno porini akafunga faili akaenda zake. Mimi nimeifungua. Kwahiyo naomba mtulie mnisome mpaka mwisho, ni ndefu lakini ni vitu nilivyoviona kwa macho na kuvishika kwa mkono.

Hilo neno porini tulimalize kwanza. Tangazo lenu wenyewe linasema eksoli hii ni ya magari ya njia mbovu, kuna mpaka picha ya gari limeingia kwenye maji usawa wa bampa, alafu mimi nikivuka kijito kinachofika katikati ya rimu naambiwa nimetumia vibaya. Sasa nilitakiwa niipeleke wapi, harusini? Tairi zangu ni saizi ile ile iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva, sijainua gari, sijagusa injini, na sikuwa navuta tela. Hayo yote nilimwambia kijana wenu kwenye simu na akasema ameyaandika.

Mafundi wenu ndio walioifunga, kwenye gereji yenu, mimi nilikaa nje nikisubiri. Nilipokabidhiwa gari nikafuata maelekezo ya karatasi yenu kama mtoto wa shule, dakika 20 za kwanza mwendo wa taratibu alafu nikaliacha lipoe kabisa, nikarudia tena, sikubeba mzigo mzito. Ilipofika kilomita 800 nikawapigia kuuliza kama namwaga oili ya kwanza, maana kila fundi ninayemjua anasema krauni na pinioni mpya (gia kubwa na gia ndogo za ndani ya difu) zikianza kuzoeana zinatoa unga wa chuma na ule unga inabidi utoke na oili yake. Nikajibiwa oili ya humo ni ya maisha nisiguse kitu nisije nikaharibu waranti. Haya, sikugusa.

Kilomita 1,400 nikaona utelezi wa oili pale propela shafti, ile inayoleta nguvu toka injini, inapoingia kwenye difu, na vumbi limegandia pale limekuwa kama ugali mweusi. Nikapiga picha nikawatumia. Jibu lenu, na ujumbe ninao mpaka leo, ni kwamba hilo ni jasho la kawaida la sili mpya (mpira unaozuia oili isitoke) na litaacha lenyewe. Hapa nakubali uzembe wangu, ningelala chini siku ile nikafungua plagi ya kujazia nikatia kidole kuona kama oili bado inafika kwenye mdomo wa tundu, dakika tano tu, lakini niliwaamini na pia nilikuwa nimeshatishwa na ile ya usiguse.

Kilomita 2,300 ikaanza kulia. Sio kelele ya kutisha, ni mvumo, wuuuu, kuanzia kama spidi 70 hivi, ila cha ajabu nikikanyaga mafuta inanyamaza na nikiachia ndio inaimba. Mke wangu akasema ni tairi, nikabadilisha tairi za mbele na nyuma, wapi, wimbo ule ule. Nikawapigia tena na mkanipa miadi ya wiki tatu mbele. Wiki tatu! Nikauliza naweza kuendelea kuitembelea nikaambiwa endelea tu bosi, hiyo ni sauti ya gia mpya.

Alafu ikafika ile siku. Nilikuwa napanda mlima wa mawe, gia ya chini kabisa, mwendo ambao mtu wa mguu angenipita, sina haraka na hamna tairi iliyokuwa hewani, nikasikia TAK, kama mtu amepiga chesi na nyundo, alafu ikafuata kama kokoto zinasagwa ndani ya sufuria. Nikasimama pale pale. Nikagusa nyumba ya difu kwa nyuma ya mkono nikautoa upesi, ilikuwa ya moto kiasi kwamba hata tope lililorukia asubuhi lilikuwa limekauka na kubanduka kama rangi ya zamani.

Bahati ilikuwa upande wangu kwenye kitu kimoja tu, eksoli hii ni ya aina ambayo hafu shafti, yale machuma mawili yanayopeleka nguvu toka difu mpaka tairi, zinachomolewa bila kutoa tairi. Nikafungua zile bolti pande zote mbili, nikachomoa hafu shafti, nikaziba matundu na mifuko ya plastiki na gundi ya karatasi vumbi lisiingie kwenye beringi za tairi, nikatoa na propela ya nyuma nikaitupa kwenye bodi. Tairi za nyuma zikawa zinaserereka tu kama za mkokoteni na meno yaliyokatika yakabaki yametulia humo ndani yasije yakaingia katikati ya gia na kuifunga eksoli nikiwa kwenye mwendo. Nikafunga habu za mbele ili tairi zishikane na shafti zake, nikaweka foowili, nikarudi nyumbani nikivutwa na miguu ya mbele peke yake, kilomita 38, usiku, na bolti za watu zikigongana kwenye bodi. Masaa matatu na nusu hayo bila kuhesabu muda niliolala chini ya gari nimeshika tochi kwa meno.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya niandike badala ya kupiga simu.

Nilipoishusha eksoli na fundi wangu, kabla hata hatujafungua bolti moja, yeye ndiye aliyeona. Pale juu ya nyumba ya difu, kwenye lile tundu la kupumulia, pana kizibo cha plastiki, chekundu, kimekaa vizuri kabisa. Ni vile vizibo ambavyo kiwanda kinaweka ili uchafu usiingie wakati mzigo unasafirishwa. Na ule mpira wa hewa wa gari langu, ambao ulitakiwa uchomekwe pale na kupanda mpaka juu karibu na tenki, mafundi wenu wameufunga na zipu tai kwenye chesi, unaning'inia, haujaunganishwa na kitu chochote. Zipu tai yenyewe ni mpya, nyeupe, ilikatwa vizuri. Yani mtu alikaa chini ya gari akaona mpira hauna pa kwenda, akaona akaufunge usipige kelele.

Labda aliyenijibu hajui tundu lile ni la nini, kwahiyo nieleze. Difu ikifanya kazi inapata moto, na hewa iliyomo ndani ikipata moto inatanuka, na inatakiwa itoke kupitia pale. Ukiliziba, ile presha inatafuta sehemu dhaifu, na sehemu dhaifu ni sili ya pinioni, pale pale propela inapoingia. Ndio lile jasho lenu la kilomita 1,400. Oili ikatoka taratibu kila safari, na ikishuka anayekufa kwanza ni beringi ya mbele ya pinioni, maana iko juu na mbali na inaishi kwa kurushiwa oili na krauni, na pinioni inazunguka mara nne na zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Beringi ikalegea, pinioni ikaanza kwenda mbele na nyuma, ndio ule wimbo wa nikiachia mafuta. Meno yakawa yanashikana kwa kingo tu badala ya katikati, mzigo wote unakaa kwenye ncha, mpaka siku ya mlima likakatika la kwanza na mengine yakafuata.

Tulichokuta ndani: oili tuliyoikuta imebaki haikufika hata nusu ya inayotakiwa. Beringi ya mbele ya pinioni imegeuka bluu, rola zake mbili zimekuwa bapa, kikombe chake kimechubuka kama kimepigwa patasi. Krauni ina meno 41, saba yamekatika yakifuatana, na kwenye pinioni yenye meno 10 matatu yamemegeka. Sumaku ya plagi ilikuwa na manyoya ya chuma marefu kama ndevu za mbuzi. Mnasema eti krauni imekatika kwa kishindo, kwamba nilikanyaga mafuta vibaya. Difu nzima ikipigwa kishindo jino linaweza kukatika kweli, lakini beringi unazikuta safi zinang'aa na oili imejaa. Hizi zimeungua. Chuma hakiwi bluu kwa kishindo cha sekunde moja jamani.

Na maji. Mmeandika oili ilikuwa na maji kwahiyo ni kosa langu. Ni kweli ilikuwa imeanza kuwa kama chai ya maziwa, sikatai, nimeiweka kwenye chupa na nitawaonyesha. Lakini maji yaliingiaje? Difu ya moto ikiingia kwenye maji ya baridi hewa ya ndani inasinyaa ghafla na inavuta, na kama mpira wa kupumulia upo inavuta hewa kavu kutoka kule juu, kama umezibwa inavuta kupitia sili, na nje ya sili wakati huo kuna maji. Hicho mnachokitumia kunikataza waranti ni ushahidi wa kizibo chenu, sijui hata mlikisoma vipi kinyume.

Kuna na hili la kuniliwaza, ambalo lilinikera kuliko hata kunyimwa. Dada mmoja wa huduma kwa wateja, mpole sana na simlaumu yeye, alinipigia akasema kwa nia njema wananiachia difu nyingine iliyopo stoo kwa nusu bei, ila ni ya 3.73 (yani propela inazunguka mara 3.73 tairi ikizunguka mara moja), zinatofautiana kidogo tu. Gari langu mbele ni 4.10. Naomba mtu mmoja hapo kwenu apige hesabu: propela zote mbili zikizunguka mara 41, tairi za mbele zitakuwa zimezunguka mara 10 na za nyuma mara 11. Kwenye foowili, nyuma inataka kwenda haraka kuliko mbele, kila mzunguko, na kitakachopasuka safari hiyo ni gia boksi ya foowili. Mngenipa kesi ya pili juu ya kesi ya kwanza. Na nina uhakika nayo mngesema ni porini.

Ninachotaka ni hiki. Eksoli nyingine kamili ya 4.10, mpya au iliyotengenezwa upya sawa tu, bila nusu bei wala robo, ifungwe na fundi mwingine sio yule wa zipu tai. Nipewe kwa maandishi vipimo vyake, nafasi ya meno ya krauni na pinioni kwa milimita na uzito wa kuzungusha pinioni kabla ya kufungwa, pamoja na picha ya alama za rangi kwenye meno, na jina la oili iliyotiwa. Oili ya kwanza mmwage nyie kwenye kilomita 800, gharama yenu. Nirudishiwe na hela ya tairi nilizonunua kutafuta kelele ambayo haikuwa ya tairi, hela ya fundi wangu ya kushusha na kufungua, sili na gasketi, risiti zote nimeziambatanisha. Usumbufu wa usiku ule sijauweka bei.

Vipande vyote ninavyo, beringi, meno niliyoyaokota chini ya difu moja moja, chupa ya oili, zipu tai, na kizibo. Sivileti kwenu, nasema mapema, maana mara ya mwisho kitu changu kuingia stoo yenu nilikizungukia siku tisa. Mtumeni mkaguzi aje aone hapa kwangu, fundi wangu atakuwepo, na picha zenye tarehe ziko kwenye bahasha hii, ya kizibo kikiwa bado kwenye tundu lake nimeiweka juu kabisa.

Nawapa siku 14 kuanzia siku mtakayosaini kupokea barua hii. Kimya kikipita hapo mafaili haya haya yanaenda kwa watu wa kutetea wateja, nimeshachapa nakala ya pili.

Gari liko juu ya stendi, halina miguu ya nyuma. Mnaweza kunipigia muda wowote ila sio kuniambia ni jasho la kawaida.

Mteja wenu,
mwenye pikapu