Jumatatu sitakugongea mlango

Mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu tukikaa kuzungumza mimi hupandisha sauti, wewe hushika simu, na yanaishia hapo. Barua huwezi kuikatiza.

Jana usiku nilijikwaa tena kwenye kile kiti chako pale koridoni. Nikawasha taa, nikakitazama vizuri. Mguu wa kwanza umeuunga barabara, hata ukiusukuma hautikisiki, tena umeupiga msasa mpaka ufa hauonekani. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu umeufunga kamba tu, na gundi imekaukia mdomoni mwa chupa. Huu ni mwezi wa nne kiko hivyo. Nikakaa pale pale sakafuni, nikasema moyoni, mvivu hapigi msasa hivi.

Nimekuita mvivu mara nyingi, mara nyingine mbele ya wageni. Naomba radhi. Ila usifurahi mapema, sijamaliza.

Kazi ya kwanza uliiacha bosi alipokufokea. Ya pili ukasema haina mbele. Maombi ya ile ya tatu uliyaandika usiku kucha, nami niliyasoma, mazuri kweli, halafu siku ya mwisho ikapita hujayatuma. Kuanza hakukushindi. Unachokimbia, nionavyo mimi, ni ile saa mtu mwingine atakapoitazama kazi yako na kusema inafaa au haifai.

Na hapo nami nina mkono wangu. Ulipokuwa mdogo, nani alikuwa akikumalizia hesabu saa nne za usiku ili mwalimu asikugombeze? Sasa una miaka 27 na bado mimi ndiye kengele yako. Nagonga mara tatu, ya tatu kwa kiganja kizima. Nilikuwa nakupenda, ndiyo, lakini pia nilikuwa naogopa kuaibika mimi.

Kuna jambo moja nataka unijibu kwa kweli. Muuguzi mmoja aliniambia mtu akipoteza hamu hata ya mambo aliyoyapenda, usingizi ukavurugika, na hali hiyo ikazidi wiki mbili, huenda ana sonona. Huo ni ugonjwa, una matibabu, na makelele ya mama hayauponyi. Kama ndiyo yaliyokupata, niambie hata kwa ujumbe wa simu. Tutakwenda hospitali wote wawili na sitakuhoji njiani.

Kama siyo, basi usaili wako wa kazi ni Jumatatu saa tatu asubuhi, unajua mwenyewe. Sitakugongea. Ukipitiwa na usingizi, sitampigia mtu simu kukutetea. Chumba ni chako na sahani yako ipo mezani, hayo hatuyajadili.

Kiti nimekisogeza ukutani watu wasijikwae. Nilishashika pochi nikakununulie gundi mpya, nikairudisha mahali pake.

Mama yako