Sifuri haimo katika daftari

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote tu wazima. Programu uliyonitumia, ile ya kutafuta namba kubwa kuliko zote katika safu (orodha ya namba zilizopangwa kwa nafasi), nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa kwenye daladala iliyokwama foleni Barabara ya Kilwa, na naona mwalimu hakukuonea alipokukata alama.

Chukua daftari la genge la mama yako. Wiki ile ya mvua kubwa alipata hasara siku zote saba, nami nimeziandika kwa maelfu ya shilingi: -4, -9, -2, -7, -3, -6, -5. Ukiipa programu yako safu hiyo itajibu sifuri, ilhali sifuri haimo popote katika daftari (mama yako angeshukuru sana kama ingekuwemo hata siku moja). Kosa liko pale mwanzoni ulipoandika kubwa = 0, kwa kuwa kila namba ililinganishwa na sifuri ikashindwa. Mnunuzi pale soko la samaki la Feri haji na samaki wa kufikirika kutoka kwake. Humshika wa kwanza aliyemkuta mezani, na humwachia tu anapomwona aliye mkubwa zaidi. Basi andika kubwa = hasara[0], yaani namba ya kwanza ya safu, kisha kitanzi (sehemu inayorudia kulinganisha namba moja moja) kianzie nafasi ya 1, yaani namba ya pili: -4 itaishinda -9, itaipisha -2, na -2 haitaondolewa tena hadi mwisho.

Umeuliza pia kwa nini tunaanza kuhesabu nafasi za safu kwa sifuri. Namba ile ya kwenye mabano ni umbali kutoka mwanzo wa safu. Katika lugha ya C, ikiwa kila namba inachukua baiti 4 (vipande vidogo vya kumbukumbu ya kompyuta), hasara[3] iko baiti 12 mbele ya mwanzo, na thamani ya kwanza, ambayo haijasogea hata hatua moja, iko umbali wa 0. Kwa hiyo siku ya saba inakaa nafasi ya 6, na kitanzi kinachoruhusu nafasi i ifike hadi 7 (i <= 7) kinatoka nje ya safu. Python na Java zitakusimamisha kwa ujumbe wa kosa, lakini C huweza kukuokotea takataka ya kumbukumbu bila kukuambia neno. Mimi kosa hilo lilinila usiku mzima.

Ukimaliza, ijaribu kwa safu yenye namba moja, kisha kwa safu tupu. Hiyo tupu haina samaki wa kwanza wa kushika, kwa hiyo niandikie umeamua irudishe nini.

Baba yako