Hospitali zetu zinunue kamera inayoonyesha damu ikipita

Mhariri,

Figo yangu ya kushoto imo mwilini mwa mdogo wangu. Nilimpa kwa hiari na sijajuta hata siku moja. Ninaandika kwa sababu ya kipande cha mrija wa mkojo kisichozidi urefu wa kidole, kilichooza siku chache baada ya upasuaji kikakaribia kutupotezea kila kitu.

Kwa miaka miwili mdogo wangu alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, saa nne kila mara. Aliyewahi kumsubiri mgonjwa wa dayalisisi kwenye benchi anajua anavyotoka: midomo imekauka, miguu haina nguvu, na baada ya siku mbili tatu safari ni ile ile. Tulifanya harambee, tukauza ng'ombe wawili aliotuachia marehemu baba, tukaenda katika hospitali ambayo sitaitaja. Nilipozinduka wodini niliambiwa figo imetoa mkojo pale pale mezani. Nililia kwa furaha.

Siku ya sita, mpira wa kutolea majimaji uliotoka ubavuni mwake, ambao ulikuwa ukitoa majimaji mekundu kidogo tu, ulianza kujaza mfuko. Muuguzi aliuinua mfuko kwenye mwanga wa dirisha akanyamaza. Yalikuwa maji ya manjano, safi kabisa. Ulikuwa mkojo, ukivujia ndani ya mwili. Usiku ule ule alirudishwa thieta.

Kesho yake daktari aliketi nami, akanichorea nyuma ya fomu ya maabara. Figo ikitolewa kwa mtu, mrija unaopeleka mkojo kibofuni hukatwa na kubaki unaning'inia kwenye figo. Tangu hapo damu yake yote hutoka juu, kupitia vimishipa vyembamba, na ncha ya chini ndiyo ya mwisho kupata. Baadhi ya figo zina ateri, yaani mshipa unaoleta damu, zaidi ya moja, na kale kaateri kadogo ka chini mara nyingi ndiko kanakolisha mrija. "Mwalimu," aliniambia, "niliuangalia kwa macho yangu. Ulikuwa na rangi nzuri."

Ninamwamini. Nimekulia karibu na majaruba ya mpunga ya Ahero. Ukisimama kwenye mfereji mkuu utaona maji yamejaa na kila kitu ni kijani. Jaruba la mwisho kule chini laweza kuwa limekauka siku tatu na mpunga wake bado haujabadilika rangi. Ukija kugundua kwa macho, umechelewa.

Nilimuuliza kama kuna njia ya kuona mapema. Akasema ipo, ila kifaa hawana. Tangu siku hiyo nimesoma na kuwauliza wauguzi na madaktari wengi, na haya ndiyo niliyoelewa.

Kuna rangi ya kijani iitwayo indosianini. Daktari akishaunganisha mishipa na kufungua vibanio, kiasi kidogo cha rangi hiyo hudungwa kwenye mshipa wa mgonjwa. Humo hujishikiza kwenye protini za damu na kwenda kila damu inakokwenda. Ikimulikwa kwa miale ya infraredi, hung'aa kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 830 hivi, ambao jicho la binadamu haliuoni kwa kuwa hukomea karibu na 700. Kamera maalumu huuona na kuuonyesha kwenye skrini. Kabla ya dakika kuisha, figo yote huwaka. Sehemu isiyopata damu hubaki nyeusi, na ikiwa ni ncha ya mrija, daktari huikata papo hapo mpaka afike penye mwanga, kisha ndipo aushone kibofuni.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba rangi hii haiipi figo mpya kazi yoyote. Ini ndilo huiondoa, ikatoka na nyongo, na nusu yake huwa imetoweka katika damu ndani ya dakika tatu au nne. Mgonjwa mwenye mzio wa iodini lazima aulizwe kwanza, maana ina iodini kidogo. Pia kamera haioni mbali: ni milimita chache, au sentimita moja hivi, chini ya uso wa nyama. Wala haizuii mwili kuikataa figo.

Tena si jambo la jana. Rangi yenyewe ilitoka katika maabara za kampuni ya picha ya Kodak, ikaanza kutumiwa kwa wagonjwa katika hospitali ya Mayo Clinic huko Marekani mwaka wa 1957, na Marekani ikaiidhinisha mwaka wa 1959. Mimi sikuwa nimezaliwa.

Nitaambiwa kwamba wanaopandikizwa figo ni wachache na kaunti zina shida nyingine. Lakini kamera hiyo hiyo humfaa mgonjwa ambaye utumbo umejisokota, ugonjwa ambao wodi zetu za upasuaji huku magharibi zinaujua vizuri. Daktari akishakata sehemu iliyooza, lazima aamue kipande kilicho hai kinaanzia wapi kabla ya kuunganisha. Akikosea, kiungo huachia na mgonjwa huingiwa na uchafu tumboni. Humsaidia pia anayehamishiwa nyama na ngozi kufunika kidonda baada ya ajali ya bodaboda.

Siku hizi mitambo mingi ya upasuaji wa matundu madogo huuzwa ikiwa na uwezo wa kuona infraredi. Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linahusu zabuni. Hospitali za rufaa za Kisumu, Nakuru na Kakamega, na ile ya Eldoret ambako figo hupandikizwa, zinapoandika orodha ya mitambo hiyo, ziandike pia kamera hii, rangi yake, na mafunzo kwa madaktari na wauguzi wa thieta. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kabla yake wananchi huitwa kutoa maoni kuhusu bajeti. Nitakwenda kwenye kikao cha wadi yetu na mdogo wangu. Sasa anakojoa vizuri na amerudi kazini, ila ana makovu mawili pale ambapo lingetosha moja.

Mwalimu,
Nyamasaria, Kisumu